Baiskeli ya Duka Kubwa Kwenye Njia ya Mlimani: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Kisa hiki kinamhusu mtu mzima mwenye uzito wa takriban kilo 90 ambaye alinunua baiskeli mpya katika duka kubwa la bidhaa mchanganyiko. Kwa miezi michache aliitumia kwenda kazini na, siku za mapumziko, kupanda na kuteremka njia ya vilima yenye kokoto, mizizi na vijikorongo vilivyochimbwa na mvua. Baiskeli yenyewe ilikuwa na kila kitu ambacho mtu wa kawaida akikiona husema hii ni baiskeli ya milimani: matairi mapana yenye meno makubwa, foko (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya springi, breki za diski mbele na nyuma, na gia 21. Alipoileta karakana alikuwa na malalamiko matatu. Mnyororo uliruka kila alipokanyaga kwa nguvu kwenye mwinuko, pedali ya kushoto ilicheza, na breki ya nyuma ilimlazimu kuvuta mkono hadi ugote kwenye usukani. "Fundi, nikazie tu bolti, Jumamosi napanda nayo," alisema, na kwa kweli alikuwa na haki ya kudhani hivyo, kwa kuwa kwa nje baiskeli ilionekana bado mpya.

Nimeona kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa kirefu kwa sababu kila hitilafu iliyopatikana ilikuwa na chanzo kilichokuwapo tangu siku baiskeli ilipotoka dukani. Mwendeshaji hakuitumia vibaya. Aliitumia kwa kazi ambayo sura yake ilimwahidi.

Jambo la kwanza tulilolitazama halikuwa chombo chochote bali kibandiko kidogo kilichobandikwa chini ya fremu, karibu na kranki, yaani mkono unaobeba pedali, mahali ambapo mnunuzi angelazimika kuinama ili akione. Kilisema kwamba baiskeli hiyo imekusudiwa kwa barabara za lami na njia laini, na kwamba isitumike kwenye njia za mlimani wala kurukia. Vibandiko vya namna hii ni vya kawaida kwenye baiskeli za maduka makubwa zenye sura ya mlimani. Kiwango cha Marekani kiitwacho ASTM F2043 hugawa matumizi ya baiskeli katika madaraja: daraja la 1 ni barabara ya lami, daraja la 2 huongeza njia za changarawe na mishuko isiyozidi sentimita 15, na njia mbovu zenye mawe na mizizi huanzia daraja la 3. Njia aliyokuwa akiipita mwenye baiskeli hii ilikuwa ya daraja la 3. Kwa hiyo mtengenezaji alikuwa ameshajilinda kwa maandishi, huku matairi, foko na rangi vikiendelea kumwambia mnunuzi jambo lingine. Nalisema hili kwa uzito: anayeipa baiskeli sura ya kazi fulani kisha akaikataza kazi hiyo kwa herufi ndogo amemtwika mnunuzi hatari ambayo mnunuzi hakuijua.

Gurudumu la nyuma

Chanzo cha mnyororo kuruka hakikuwa kwenye mnyororo. Tulipolitoa gurudumu la nyuma na kuizungusha ekseli kwa vidole, ncha yake ya kulia ilichora duara dogo badala ya kutulia mahali pamoja. Ekseli ilikuwa imepinda. Seti ya meno nayo ilikuwa ikiyumba, kwa sababu kitovu kizima, yaani sehemu ya katikati ya gurudumu, hakikukaa tena sawasawa katika fremu, na mnyororo unaopita juu ya meno yanayoyumba hauwezi kushika chini ya mzigo.

Kupinda kwa ekseli kunahitaji kuelezwa vizuri, maana hapa ndipo tofauti kati ya baiskeli ya duka kubwa na ile ya duka la baiskeli hujificha zaidi. Vitovu vya nyuma vyenye gia viko vya aina mbili kuu. Katika aina ya zamani, ambayo bado hutumika kwenye baiskeli nyingi za bei ya chini, kitovu kina hesi upande wa kulia, na friwili nzima, yaani chombo kinachoruhusu gurudumu kuzunguka bila pedali kuzunguka, pamoja na meno yake hufungwa juu ya hesi hiyo. Gololi za upande wa kulia hulazimika kubaki ndani, nyuma ya friwili. Friwili yenye miduara saba ya meno inapokaa hapo, kutoka kwenye gololi hadi mahali ekseli inaposhikwa na fremu kunabaki takriban sentimita nne za chuma kisichoegemea kitu. Uzito wa mwendeshaji ukishuka kwa kishindo juu ya jiwe, huku mnyororo ukivuta kwa nguvu upande huohuo, sentimita hizo nne ndizo zinazobeba adhabu. Kwenye lami ekseli ya namna hiyo yaweza kudumu miaka mingi. Kwenye mawe, chini ya mtu wa kilo 90, kupinda au kuvunjika kwake ni suala la muda tu.

Aina ya pili ni kitovu cha kaseti, ambacho kampuni ya vipuri vya baiskeli ya Shimano ilianza kukiuza mwaka 1978. Humo utaratibu wa kuzunguka bure ni sehemu ya kitovu chenyewe, na gololi za kulia zimesogezwa hadi karibu na ukingo wa fremu, hivyo sehemu ya ekseli isiyoegemea kitu hupungua hadi kuwa fupi sana. Kwa mtazamaji aliyesimama dukani, vitovu hivi viwili vinafanana kabisa, kwa sababu meno yamevifunika vyote. Duka la baiskeli linapouza baiskeli ya milimani, hata ile ya ngazi ya chini yenye heshima, kitovu cha kaseti ni sharti la kwanza ninalolitafuta, na kama ningeruhusiwa swali moja tu kwa muuzaji ningeuliza hilo.

Ndani ya kitovu hali ilikuwa mbaya kuliko tulivyotarajia. Kwa kawaida kitovu cha nyuma cha aina hii hubeba gololi tisa kila upande, zenye kipenyo cha robo inchi, zikizunguka juu ya koni, yaani vipande vya chuma kigumu vinavyozishikilia, zilizopakwa grisi ya kutosha. Grisi hapa ilikuwa kidogo na imegeuka rangi ya kutu, na uso wa koni ulikuwa na vishimo ambavyo ukucha uliweza kuvihisi. Vishimo vya namna hiyo hutokea koni zinapokazwa kupita kiasi kiwandani na gurudumu kupelekwa sokoni bila mtu kulizungusha kwa mkono. Kulegeza koni robo ya mzunguko na kuongeza kijiko cha grisi siku ya kwanza kungeokoa kitovu hicho, angalau kwa matumizi ya barabarani.

Spoki mbili za upande wa kulia zilikuwa zimekatika kwenye kiwiko, yaani pale zinapopinda kuingia kwenye kitovu. Watu wengi hudhani spoki hukatika kwa kukazwa sana. Mara nyingi ni kinyume chake. Kila gurudumu linapozunguka, spoki iliyo chini hupungua mvuto kwa kitambo kisha ikarejea. Iliyokazwa ipasavyo, na spoki za kulia za gurudumu la nyuma kwa kawaida hukazwa hadi mvuto unaolingana na kilo 100 au zaidi, hubaki na mvuto wa kutosha wakati wote. Iliyolegea hulegea kabisa ikifika chini, kiwiko chake kikacheza ndani ya tundu, na chuma kikachoka taratibu hadi kikatike siku ambayo mwendeshaji hakufanya lolote la ajabu. Mashine za kiwandani husuka gurudumu hadi lionekane kunyooka, lakini gurudumu lililonyooka linaweza kuwa limelegea kote. Ukibana spoki mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu zima unalijua hilo kwa dakika moja, nasi tulipofanya hivyo karibu upande mzima wa kushoto ulikuwa mlegevu.

Kranki

Pedali iliyokuwa ikicheza haikuwa na kosa. Kranki ya kushoto ndiyo iliyokuwa imelegea kwenye ekseli ya kati yenye ncha ya mraba, na mwenye baiskeli alikuwa ameendelea kuikanyaga katika hali hiyo kwa majuma kadhaa. Kranki ni ya aluminiamu laini na ekseli ni ya chuma. Kila mkanyago wa kranki iliyolegea hula tundu la mraba kidogo kidogo, na tundu likishakuwa la mviringo hakuna bolti itakayolishikisha tena. Kranki hiyo ilikuwa imekufa.

Hitilafu hii nasita kuilaumu kwa ubora wa chuma. Bolti ya kranki ya mraba huhitaji kukazwa kwa nguvu ya nyutonimita 35 hadi 50, ambayo ni nguvu kubwa kuliko wengi wanavyofikiri, kisha ikaguliwe tena baada ya safari za mwanzo. Kranki ya bei nafuu iliyokazwa hivyo hudumu vizuri. Hii haikukazwa hivyo, wala hakukuwa na mtu wa kuikagua tena, kwa sababu duka la bidhaa mchanganyiko halina karakana na mfanyakazi aliyeiunganisha baiskeli asubuhi huenda jioni alikuwa akipanga masufuria. Duka la baiskeli linalojiheshimu huunganisha baiskeli kwa mkono wa fundi, humpa mnunuzi ukaguzi wa kwanza bila malipo baada ya waya kutanuka na spoki kutulia, na huitambua baiskeli inaporudi. Sehemu kubwa ya tofauti ya bei ni mshahara wa huyo fundi. Mnunuzi anayelinganisha vibandiko vya bei haoni kazi hiyo, na ndiyo maana anadhani amepunjwa.

Kuna kosa jingine la uunganishaji ambalo halikuwapo katika kisa hiki, ila linapatikana mara kwa mara kiasi kwamba sitaliacha: foko iliyofungwa kinyumenyume, usukani ukageuzwa kuelekea mbele na baiskeli ikawekwa sakafuni ikiuzwa hivyo. Kidole cha mguu hugusa gurudumu wakati wa kukata kona, na breki huisukuma foko upande ambao haikuundwa kuhimili. Anayenunua baiskeli popote pale aitazame foko kwa ubavu: ncha zake za chini zinapaswa kuchomoza mbele, siyo kurudi nyuma kuelekea kwenye kranki.

Breki na foko

Diski zilikuwa ndizo zilizomfanya mwenye baiskeli achague hii na kuiacha nyingine yenye breki za ringi, naye alilieleza hilo kwa fahari. Ni kweli kwamba diski nzuri, hasa ya mafuta, hushinda breki za ringi kwenye matope na mvua. Lakini diski hizi zilikuwa za waya, za aina ambayo pedi moja tu ndiyo husogea, ikaikunja diski hadi igote pedi ya pili iliyosimama. Pedi iliyosimama ikiisha, fundi hana budi kuisogeza kwa mkono. Asipofanya hivyo mkono wa breki huendelea kurefuka hadi ufike kwenye usukani. Kwa kuongezea, ala ya waya ilikuwa laini na ilijibonyeza kila mkono ulipovutwa, hivyo nusu ya nguvu ya vidole iliishia ndani ya ala. Diski ya nyuma nayo ilikuwa imepinda. Tuliisogeza pedi, tukainyosha diski na kubadilisha ala, na breki ikarudi katika hali ya kuaminika barabarani. Kwa mteremko mrefu wenye mawe nisingemruhusu mtu ninayemjali aitegemee. Breki za ringi za mikono mirefu ambazo Shimano ilizitoa mwaka 1996, zikiwa na pedi nzuri kwenye ringi ya aluminiamu, husimamisha baiskeli vizuri zaidi ya diski hizi katika hali nyingi, na hurekebishwa kwa spana moja.

Foko ya springi ilikuwa nzito na haikuwa na chochote cha kutuliza mdundo. Ikibonyea hurudi kwa nguvu zote za springi, ikampiga mwendeshaji mikononi na kulinyanyua gurudumu la mbele kutoka ardhini wakati ambapo lingepaswa kushika. Foko ya kweli ya mlimani ina mafuta yanayopita kwenye vitundu ili kuipunguza kasi ya kurudi, na nyingi hutumia hewa ambayo hujazwa kulingana na uzito wa mwendeshaji, hadi izame takriban robo ya mwendo wake wa kubonyea anapokaa. Hii haikuweza kurekebishwa kwa uzito wowote. Mikono yake ya juu ilicheza ndani ya bushi za plastiki, na ukiishika breki ya mbele na kuisukuma baiskeli ulisikia mlio wa kugonga. Msimamo wangu juu ya hili hauyumbi: kwa bei ya chini, foko ngumu isiyo na springi ni nyepesi, imara, haina cha kuharibika, na inamfaa mwendeshaji kuliko foko ya springi ya kuigiza. Fedha iliyotumika kutengeneza foko hiyo ingetosha kuweka kitovu bora na matairi bora.

Kuhusu gia hakuna mengi. Zilirekebika. Kiti kilikuwa cha kawaida, na nguzo yake ilikuwa imevutwa juu kupita alama ya mwisho, kwa kuwa duka lilikuwa na fremu ya ukubwa mmoja tu na mwenye baiskeli ni mrefu. Jambo hilo la mwisho ni la hatari, kwa maana nguzo iliyovutwa kupita alama huweza kuipasua fremu au kuvunjika yenyewe. Baiskeli za duka la baiskeli huja kwa ukubwa mbalimbali, na muuzaji humsimamisha mnunuzi juu ya fremu kabla ya kuzungumzia rangi. Kwenye mizani baiskeli nzima ilikuwa kilo 18. Ile ya ngazi ya kati isiyo na springi nyuma huwa kati ya kilo 12 na 14, na tofauti hiyo huhisiwa na miguu katika kila mwinuko.

Wanaosema kwamba zamani watu walipanda milima na baiskeli za kawaida wana sehemu ya ukweli. Vijana wa Marin County, California, walioshindana kuteremka mlimani kuanzia mwaka 1976 walitumia fremu nzito za kampuni ya Schwinn za miongo ya nyuma. Hata hivyo, breki zao za kitovu zilipata joto kiasi cha kuunguza grisi yote, wakalazimika kukifungua kitovu na kukijaza upya baada ya mteremko. Ni uchovu wa matengenezo hayo uliowapeleka kwenye vitovu na breki bora, kisha kwenye fremu iliyoundwa mahsusi, ambayo mmoja wao, Joe Breeze, aliitengeneza mwaka 1977. Baiskeli ya milimani ilizaliwa kwa kubadilisha hasa vile vyombo ambavyo baiskeli ya kisa hiki ilinyimwa.

Uamuzi

Njia zilizokuwapo zilikuwa nne. Ya kwanza ilikuwa kuirudishia vipuri vya daraja lilelile: ekseli, koni, spoki na kranki. Gharama ingekuwa ndogo, na mlima ungeivunja tena kwa mpangilio uleule. Ya pili ilikuwa kuipa gurudumu la nyuma lenye kitovu cha kaseti, kranki nzuri, breki nzuri na foko ngumu. Tulipojumlisha, vipuri peke yake vilipita bei ya baiskeli nzima, na fremu ya ukubwa usiomfaa ingebaki palepale. Ya tatu ilikuwa kununua baiskeli mpya ya ngazi ya mwanzo kutoka duka la baiskeli, na hiyo ndiyo niliyoipendekeza kwanza, lakini ilihitaji mwenyewe asubiri hadi akusanye fedha. Ya nne ilikuwa kutafuta baiskeli iliyotumika ya mtengenezaji mzuri, ya magurudumu ya inchi 26, yenye fremu ya ukubwa wake na bila springi yoyote.

Alichagua ya nne, na naona alichagua vizuri. Baiskeli za inchi 26 zilipitwa na soko baada ya inchi 29 na 27.5 kushika nafasi, kwa hiyo nzuri nyingi zinauzwa kwa bei ya chini ingawa bado zina maisha marefu, na matairi na tyubu zake hupatikana. Aliyoipata tuliikagua kabla hajailipia. Tulipitisha ukucha kwenye maungio yote ya fremu kutafuta ufa, hasa nyuma ya kichwa cha usukani na pale nguzo ya kiti inapoingia. Tuliinua gurudumu la nyuma na kulisukuma kushoto na kulia kusikiliza mchezo wa gololi. Tukahakikisha nguzo ya kiti na shingo ya usukani hazijang'ang'ania ndani ya fremu kwa kutu, kwa sababu zikiwa zimeganda, baiskeli hairekebishiki kwa mwili wa mtu mwingine. Na tukapima mnyororo, ambao pini zake huachana inchi nusu ukiwa mpya. Ulikuwa umerefuka kupita asilimia 0.75, na pale mnyororo umechakaa hivyo mara nyingi meno ya kaseti yamechakaa pamoja nao, hivyo vyote viwili vilibadilishwa. Hayo ndiyo yaliyokuwa matengenezo yake makubwa.

Baiskeli ya kwanza haikutupwa. Ilipata ekseli mpya, gololi mpya zenye grisi, spoki zilizokazwa upya, kranki iliyotumika kutoka baiskeli nyingine, na nguzo ndefu ya kiti. Ekseli yake ya kati ilikaa kwenye hesi ya kawaida, ileile inayotumika kwenye baiskeli nyingi nzuri, hivyo ilibadilishwa kwa ya kisasa iliyozibwa bila shida yoyote. Meno makubwa ya matairi yaliondolewa kwa kuweka matairi laini ya barabarani. Sasa mdogo wake huitumia kwenda chuoni kwa lami, na kila inapofika karakana, kranki hukazwa na gurudumu la nyuma huzungushwa kwa mkono kabla ya kitu kingine.